Jinsi ya kupita Uwanja wa Ndege wa Dar bila kukosea jengo: Terminal 1, 2 na 3, na zilivyofika pale

Kila ikikaribia Desemba, au msimu wa Hija, simu zinaanza kuingia. Ndugu yangu nina safari, hivi nishukie wapi pale eapoti? Na jibu la "mwambie dereva eapoti" siku hizi halitoshi kabisa, maana Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, huu tuliozoea kuuita DIA zamani, una majengo matatu ya abiria na kila moja lina kazi yake. Mtu akishushwa jengo silo, ana mabegi matatu, mtoto mgongoni na dakika arobaini mkononi, hapo ndo safari inapoharibika kabla haijaanza.

Sasa hapa nataka nikuelekeze vizuri, ila nitaanza na historia. Naomba usiiruke, manake historia ya uwanja huu ndo ramani yake. Ukishajua kila jengo lilijengwa lini na kwa ajili ya nani, hutahitaji kukariri kitu, utajua tu mwenyewe uelekee wapi.

Ndege zilianza kutua majini

Wengi hawajui kwamba kabla ya uwanja wa Kipawa, Dar ilikuwa inapokea ndege baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Imperial Airways, shirika la Waingereza, walikuwa na ndege zinazotua juu ya maji, zinatoka kwao Uingereza, zinafuata Mto Nile, zinakuja Kisumu, Mombasa, zinashuka Dar, zinaendelea Lindi mpaka Durban kule Afrika Kusini. Yaani bandari yetu hii hii ya meli ndo ilikuwa eapoti. Abiria wenyewe wachache, wenye pesa zao, na barua nyingi za serikali.

Miaka ya 1950 ndo kukawa na uwanja kamili nje ya mji, njia ya Pugu, kama kilomita 12 kutoka Posta. Jengo la abiria la wakati ule ndo hili tunaloita leo Terminal 1, au wengine wanasema uwanja wa zamani. Ukiliangalia ni dogo, la enzi za mkoloni, limejengwa kwa ajili ya ndege za mapangaboi na abiria wanaohesabika. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alipokwenda New York kuongea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuhusu Tanganyika, nauli yake ilitokana na michango ya wana-TANU, watu wa kawaida kabisa ambao wengi wao hawakuwahi kupanda ndege maishani. Mimi nikiona jina lake limeandikwa pale juu huwa nakumbuka hiyo michango kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya uhuru tuliendelea kuruka na East African Airways, shirika la pamoja lililoanzishwa 1946, la kwetu, Kenya na Uganda, ila makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, shirika likafa nalo, na mwaka huo huo ikaanzishwa Air Tanzania. Ghafla nchi inatakiwa ijitegemee angani, na jengo lenyewe ni lile la miaka ya 50.

Hapo ndo ikaja Terminal 2, ikafunguliwa 1984. Fikiria hiyo miaka, wakubwa mnaikumbuka, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, vitenge vya magendo, na nchi inajenga jengo la kisasa la ndege. Aliyelichora ni Mfaransa Paul Andreu, huyu huyu aliyechora lile jengo la duara la uwanja wa Roissy kule Paris lililofunguliwa 1974, na baadaye akachora jumba kubwa la sanaa la Beijing lililofunguliwa 2007. Kwa hiyo sisi tuna kazi ya mkono wa mtu anayesomwa vyuoni duniani kote, na abiria wengi wanapita pale wakikimbilia kaunta bila kuinua hata macho. Ukipita Terminal 2 simama dakika moja uangalie juu, angalia jinsi paa lilivyopangwa. Kwangu mimi ndo jengo zuri kuliko yote matatu, hata kama siku hizi sio ndo kubwa tena.

Mwaka 1985 ikaja kampuni ya kuhudumia ndege na mizigo, DAHACO, ambayo leo ni Swissport Tanzania. Naitaja kwa sababu ukiongea na wafanyakazi wa siku nyingi pale bado utasikia mtu anasema "nilianza Dahaco".

Oktoba 1999 mwili wa Mwalimu ulirudishwa kutoka London kupitia uwanja huu, na watu walijipanga barabarani kutoka uwanjani kuelekea mjini. Barabara yenyewe ilikuwa Pugu Road, leo ni Nyerere Road. Na 2006 uwanja wenyewe ukawa rasmi Julius Nyerere International Airport, kwa kifupi JNIA. Kwenye tiketi lakini haupo kwa jina hilo, utaona herufi tatu tu, DAR.

Tatizo likaja kwenye idadi ya watu. Terminal 2 ilijengwa kwa ajili ya abiria kama milioni 1.5 kwa mwaka, na kufika miaka ya 2010 tulishavuka milioni mbili. Novemba 2012 fastjet wakaanza na nauli za chini na watu ambao walikuwa wanapanda basi kwenda Mwanza masaa na masaa wakaanza kupanda ndege, mama wa sokoni, wanafunzi, watu wanaokwenda msibani. Jambo zuri sana hilo, mimi nalisema wazi, ndege iliacha kuwa kitu cha mabosi. Ila jengo ni moja, wa ndani na wa nje wote wamo humo, na zikitua ndege mbili kubwa kwa pamoja ule mstari wa uhamiaji ulikuwa haumaliziki, watu wamejazana, joto, watoto wanalia.

Mwaka 2013 ukasainiwa mkataba na BAM International ya Uholanzi kujenga Terminal 3. Ardhi ya kupanulia uwanja haikutoka hewani, kuna watu walihama, wa Kipawa, Kigilagila, na wa Kipunguni ambao tathmini ilianza miaka ya 1990 na wakasubiri fidia miaka mingi sana huku hawawezi kujenga wala kukarabati nyumba zao. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya jengo na nadhani lingestahili hata bango pale ndani, kuonyesha palikuwa pa nani.

Tarehe 1 Agosti 2019 Rais Magufuli akalifungua. Uwezo wake ni abiria milioni 6 kwa mwaka, yaani karibu mara nne ya lile la 1984. Wakati huo huo Air Tanzania ilikuwa imefufuliwa, zile Bombardier za kwanza zilikuja 2016, Dreamliner ya kwanza ikatua Julai 2018, kwa hiyo jengo jipya likakuta na ndege zetu wenyewe zipo.

Kwa hiyo unaenda jengo gani

Baada ya historia hiyo jibu linakuwa jepesi. Terminal 3 ni safari zote za nje ya nchi. Nasema zote. Nairobi ni saa moja tu angani lakini ni nje, unaenda Terminal 3. Entebbe, Bujumbura, Lubumbashi, Hahaya kule Comoro, Terminal 3. Hawa ndugu zetu wa Kongo wanaokuja kufungasha mzigo Kariakoo na kurudi Lubumbashi, wote wako pale. Dubai, Mumbai, Guangzhou, Johannesburg, Istanbul, Amsterdam, Addis, usiulize tena.

Terminal 2 ni safari za ndani kwa ndege za ratiba. Mwanza, Kilimanjaro, Dodoma, Mbeya, Bukoba, Kigoma, Mtwara na kwingineko. Na Zanzibar! Hapa watu wanachanganya, wanaona Zanzibar kuna maafisa wanaangalia hati basi wanadhani ni kimataifa. Hapana, ni ndani, usimpeleke mgeni wako Terminal 3 eti kwa sababu ni mzungu. Anayepanga jengo ni safari, rangi ya pasipoti haihusiki.

Terminal 1 ni ndege ndogo, zile Caravan za pangaboi moja za abiria kama 12, zinazokwenda Mafia, hifadhini kule Nyerere na Ruaha, na nyingine Zanzibar, pamoja na ndege za kukodi. Ukinunua tiketi ya Zanzibar ndo unatakiwa uwe makini zaidi kuliko wote, manake unaweza ukawa Terminal 1 au Terminal 2 kutegemea na kampuni. Soma tiketi, kama haijaandika piga simu ya kampuni siku moja kabla, usimwachie dereva aamue.

Na usije ukajiambia nikikosea nitatembea. Haya majengo hayakujengwa kama kitu kimoja, yamepishana miaka thelathini na thelathini na mitano, kila moja lina barabara yake ya kuingilia. Kati ya 2 na 3 ni karibu kidogo ila sio karibu ya mtu mwenye mabegi na jua la saa nane mchana, na Terminal 1 ndo kabisa iko kivyake.

Saa ya kwenye tiketi

Hili naliweka peke yake kwa sababu linakosesha watu ndege kuliko foleni. Tiketi inatumia saa 24 na sisi tunahesabu saa kivyetu. Tiketi ikiandika 03:55 hiyo ni saa tisa na dakika hamsini na tano usiku. Ikiandika 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Hapo wengi wanaelewa. Balaa liko kwenye usiku wa manane.

Tuseme tiketi imeandikwa tarehe 15 Agosti, 00:40. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku, usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake wewe unatakiwa utoke nyumbani tarehe 14 jioni, uwe kaunta kwenye saa tatu na nusu usiku. Mtu anayesoma "tarehe 15" akapanga kufunga mabegi tarehe 15 mchana, ndege yake imeshatua kule inakokwenda na yeye bado anatafuta soksi. Ukimkatia tiketi mzazi wako chukua karatasi umwandikie kwa kalamu, kwa Kiswahili: Mama, unatoka nyumbani Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Usimtumie picha ya tiketi ukanyamaza.

Safari ya nje fika masaa matatu kabla, ya ndani masaa mawili. Kaunta za safari za nje kwa kawaida zinafungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka, wengine mapema zaidi, na ikishafungwa imefungwa hata kama ndege unaiona dirishani.

Kufika pale

Nyerere Road ndo mlango, na Nyerere Road ina siku zake. Kutoka Posta au Kariakoo unanyoosha tu, Tazara, Vingunguti, Jet, Kipawa, umefika. Pale Tazara kabla ya 2018 ilikuwa ni kilio, taa moja unaweza kukaa mpaka unapiga usingizi, lakini Septemba 2018 ilifunguliwa flaiova ya Mfugale na hiyo ndo imeokoa safari nyingi kuliko tunavyokumbuka kushukuru. Waliotoka Mwenge na Tegeta wanapita Ubungo pale kwenye madaraja ya Kijazi, wanashika Mandela Road mpaka Tazara. Wa Mbagala wanapandisha Kilwa Road halafu Mandela. Kigamboni tangu daraja lifunguliwe 2016 hawana tena haja ya kubahatisha pantoni, wanavuka wanatokea Kurasini wanashika Mandela hiyo hiyo.

Wa Kimara, Mbezi, Tabata, Segerea, nyie msishuke mpaka Tazara jamani. Piteni Kinyerezi, Segerea, mtokee Nyerere Road huko mbele, hapo uwanja uko pua na mdomo. Asubuhi hasa, wakati mji wote unaelekea Posta, nyie mtakuwa mnaenda kinyume na foleni.

Daladala yoyote ya Gongo la Mboto inapita mlangoni. Ni bei rahisi na wafanyakazi wengi wa uwanjani wanaitumia, ila inakuacha barabara kuu, kutoka hapo ni miguu au bajaji au boda kuingia ndani. Kama una begi moja la mgongoni na ni mchana sioni kwa nini uogope. Ukiwa na mabegi makubwa au ni usiku chukua gari, na ukitumia programu ya simu hakikisha kwenye ramani umechagua jengo lenyewe kwa jina, maana ukiandika Airport tu inaweza kukuwekea pini popote na dereva anafuata pini.

Kwa watu wa Morogoro na Dodoma, tangu treni ya umeme ya SGR ianze 2024 kuna njia nyingine. Kituo cha Pugu kiko karibu na uwanja kuliko stesheni ya mjini, ukishuka Pugu unachukua gari unashuka na barabara kupitia Gongo la Mboto. Ila sio kila treni inasimama Pugu, angalia ratiba kabla hujalipia, na jiachie nafasi ya kutosha hapo katikati.

Ndani ya Terminal 3, hatua kwa hatua

Mlangoni unaonyesha tiketi na pasipoti. Wasindikizaji wanaishia kwenye sehemu ya watu wote, kwa hiyo machozi na picha za familia malizieni kabla, sio mnaenda mpaka kwenye skana watu kumi na tano mnamshikilia mtu mmoja. Najua kwetu kumsindikiza mtu ni heshima na mimi siipingi, tena naipenda, ila chagueni wawili wenye nguvu wabebe mabegi na wengine wamuage nyumbani.

Mabegi yanapita skana pale mwanzoni. Halafu kaunta, unapimiwa uzito. Hapa ndo utaona mambo kila siku: begi linawekwa kwenye mzani, namba nyekundu inasoma 27, ruhusa ni 23, basi linashushwa chini, zipu inafunguliwa mbele ya watu wote, unga wa ugali unatoka, dagaa wa Kigoma wanatoka, vitenge, mtu anahamishia kwenye begi la mkononi kilo mojamoja huku foleni inamwangalia. Pima nyumbani. Kile kimzani cha kuning'iniza kinauzwa Kariakoo, sio ghali, na kama huna nenda duka la jirani lenye mzani wa mchele mwombe.

Achari, mafuta ya nazi, asali, pilipili ya kusaga, vyote hivyo ni majimaji, viweke begi kubwa la chini, tena uvifunge vizuri. Begi la mkononi mwisho ni chupa za mililita 100. Asali nzuri ya Tabora inabaki kwenye pipa pale kwa sababu hii na inaniuma kila nikiona.

Makome ya baharini, matumbawe, meno au ngozi ya mnyama, usibebe na usibebeshwe. Mgeni wako anaokota kome zuri ufukweni anaona ni zawadi, kumbe kwa sheria ni nyara na anaweza kushikwa pale pale. Madini vilevile, hata kama ni tanzanite moja ya pete, uwe na risiti na karatasi zake za duka halali. Na fedha taslimu kuanzia dola 10,000 unatakiwa kutamka forodha, kutamka tu, hawakunyang'anyi, shida inakuja ukificha.

Kitu kingine, mtu asikupe kifurushi umpelekee ndugu yake huko bila kukifungua ukaona kilichomo. Hata awe mtu mnayeabudu naye. Kifungue, toa kila kitu, kiangalie, ndo ukipange mwenyewe.

Ukishapewa bodingi pasi unaenda uhamiaji, unagongewa, halafu ukaguzi wa pili, mkanda, saa, simu, laptopu kwenye trei. Baada ya hapo kaa karibu na geti lako na uangalie skrini, geti linaweza kubadilishwa na tangazo usilisikie. Terminal 3 ni kubwa, usikae mwisho wa huku halafu geti liko mwisho wa kule.

Terminal 2 na 1 kwa kifupi

Terminal 2 ni mwendo mfupi, kitambulisho cha NIDA au pasipoti, kaunta, ukaguzi, unasubiri. Usiende na picha ya kitambulisho kwenye simu ukategemea huruma. Huduma zake sio kama za Terminal 3, lakini tangu safari za nje zihamie jirani 2019 kuna nafasi ya kupumua, na nadhani hilo jengo likitunzwa linavyostahili litatufaa miaka mingine arobaini.

Terminal 1 kitu cha kujua ni uzito. Ndege ndogo mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu kwa mtu, na wanapenda begi laini, sio sanduku gumu la magurudumu, kwa sababu sehemu ya mzigo ya ile Caravan ni ndogo na iko chini ya tumbo. Unaweza ukaambiwa na wewe mwenyewe upande mzani, usione wanakudhalilisha, rubani lazima ajue uzito wote na nani akae wapi.

Ukiwa unatua au unapokea mtu

Raia wa nje wengi wanahitaji visa na ni bora waombe mtandaoni kabla, wakifika wanapita haraka kuliko waliopanga kulipia pale pale. Ya kawaida ni dola 50, Wamarekani ni 100. Ndugu zetu wengi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wao hawana habari ya kulipia visa. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na kadi yake ya chanjo, ya njano ile, mkononi na sio kwenye begi la chini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo mwambie mgeni asije na mifuko ya supamaketi, vile vifuko vya zipu vya kuwekea sabuni na dawa haina shida mradi aondoke navyo.

Anayepokea asimwambie mgeni "nitakuwa nje". Nje ya wapi? Mwambie nitakuwa mlango wa wanaowasili Terminal 3, nimevaa shati hili, na umtumie picha. Simu yake inaweza isishike mtandao wa huku, na laini ya hapa mpaka asajiliwe kwa alama za vidole na pasipoti, kwa hiyo ule muda wa kwanza hana mawasiliano kabisa.

Kuunganisha ndege

Nimeacha hili la mwisho kwa sababu linagusa majengo mawili. Umetoka Dubai, unaenda Mwanza. Unatua Terminal 3, unaondokea Terminal 2. Kama tiketi ni mbili tofauti, mizigo yako haitajipeleka yenyewe: unapita uhamiaji, unachukua mabegi kwenye mkanda, unapita forodha, unatoka nje kabisa ya jengo, unachukua gari mpaka Terminal 2, unaanza upya kama mtu aliyetoka nyumbani, skana, kaunta, mzani. Na huo mzani wa pili ndo unaouma, maana umetoka na kilo 46 za safari ya nje na hii ya ndani inaweza kuruhusu 23 tu, kwa hiyo weka shilingi pembeni za kulipia zilizozidi, au nunua uzito wa ziada mapema mtandaoni ambako kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta.

Kama tiketi ni moja kwa safari nzima, muulize mhudumu kule unakoanzia begi limeandikiwa mpaka wapi, na uangalie mwenyewe kile kikaratasi wanachofunga kwenye mpini. Hata ukikuta MWZ, yaani Mwanza, ukishuka Dar muulize mhudumu kabla hujatoka ndani kama forodha wanataka ulichukue hapo, maana Dar ndo unapoingilia nchini. Ukikuta DAR, basi ni lako kulibeba. Kati ya ndege na ndege jiachie masaa manne, ukipata matano bora zaidi, hasa ukitua jioni ndege nyingi zinapokuja pamoja. Na kama ya ndani ndo ya mwisho kwa siku hiyo, usibanane nayo, lala Ukonga au Kipawa kwa ndugu au gesti ya karibu, uondoke na ya asubuhi.

Wanaotoka Mwanza kwenda Dubai ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, isipokuwa nyie muda wenu uhesabiwe kuanzia kaunta ya Terminal 3 inapofungwa, sio kuanzia ndege inaporuka.